Kichwa cha Riziki na Daktari Tuliyemtafuta hadi Moba

Mabinti zangu, na ninyi vijana wa kiume ambao siku hizi mnasuka kutushinda, mmeniomba niwaeleze kazi hii ilikuwaje nilipokuwa na vidole. Sasa vimekauka kwenye viungo, havishiki tena nywele laini za mtoto, lakini mdomo ungali mzima. Nitaandika Kiswahili cha shule kadiri nitakavyoweza. Watu wa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, nitawaacha waseme kama walivyosema.

Jambo la kwanza si kichana. Ni uzito wa kichwa. Mteja anapoketi mbele yako, kichwa bado ni chake. Shingo inakishikilia, macho yako mlangoni, anafikiria sufuria aliyoiacha motoni. Msuke polepole. Mistari michache ikishalala, joto la mchana likitulia barazani na harufu ya ndakala, dagaa wetu, wanaoanikwa ikipanda kutoka ufukoni, utasikia shingo inalegea, kisha kichwa chote kinakuja mapajani mwako, kizito kama papai lililoiva. Hapo amekuachia. Usicheke, usimshtue. Wengine husema mambo ambayo hawajamwambia hata padri. Wengine hulala wakaota. Mimi pia nimewahi kulala, vidole vikiendelea vyenyewe, na nilipoamka nikakuta mistari imekaa vizuri kuliko ile niliyosuka nikiwa macho.

Aliyenifundisha ni Mama Bitisho, aliyekuwa akisukia barazani kwake karibu na stesheni ya treni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mkali wa mkono. Mwanzoni hakuniruhusu kugusa nywele ya mtu. Alinikalisha kando yake na kuniambia niangalie ngozi ya kichwa tu, kisha mteja akiondoka ananiuliza: huyu ana mba? Huyu alisukwa kwa kukazwa mno mara iliyopita? Huyu ana kidonda anachokificha nyuma ya sikio? Nikikosea, kichana kinatua kwenye kifundo cha mkono wangu. "Vidole ni vijakazi," alikuwa akisema. "Macho njo bwana." Njo ni ndiyo, kwa Kiswahili chetu.

Kukaza kulinishinda kwa muda mrefu. Nilidhani kukaza ndiko kusuka. Bibi harusi mmoja nilimkaza hata nyusi zikapanda juu na hazikushuka. Misa nzima alikuwa na sura ya mtu aliyeshangaa, na wazee wa upande wa mume wakaanza kuulizana kijana wao ameficha nini. Mama Bitisho alinisubiri nje ya kanisa. Alininyooshea kidole tu, kisha akacheka hadi akaegemea ukuta.

Tulianza na uzi mweusi, ule wa kusimamisha nywele kama matawi. Baadaye zikaja meshi, nywele za bandia, kutoka Kigoma na Bujumbura, zikifika bandarini katika magunia, na kila msichana akataka mabutu hadi kiunoni. Ikaja defriza, dawa ya kulainisha, iliyochoma watu wengi kabla hatujajifunza kupaka mafuta kwanza pembeni mwa paji. Sasa ni peruki, yaani wigi. Siikatai. Lakini peruki ina jambo moja: mtu anaivaa na kuivua nyumbani kwake, na kichwa chake kinaweza kukaa miezi bila jicho la mtu mwingine kukigusa. Nilipokuwa nasuka, mimi nilikuwa jicho hilo. Ndiyo maana niliiona ngozi ya Riziki kabla yake mwenyewe.

Riziki alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye hatua ndefu, na nywele zake zilikuwa nywele za watu wawili. Vichana vyangu vilivunjika mle ndani. Alizaliwa Kirungu, kule kwenye baridi ya milima ya Marungu, juu ya Moba. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na Shangazi Kaponda, dada wa baba yake. Alipoolewa hapa Kalemie na Ngoy, fundi wa mitambo ya reli, alimwambia wazi kabla ya harusi: ukinichukua mimi, unachukua na shangazi. Ngoy akakubali. Walikaa watatu katika nyumba ya matofali karibu na daraja la mto Lukuga, pamoja na watoto walipokuja, na kwa miaka mingi hapakuwa na neno.

Alasiri moja nilikuwa nikimgawia mistari. Chanuo likapita nyuma ya sikio la kushoto, na hapo pakawa hapana kitu. Palikuwa pa mviringo, padogo kama kizibo cha chupa, ngozi laini na nyororo kama ndani ya kijiko. Hapakuwa na magamba, wala wekundu, wala usaha. Pembeni nywele zilikuwa nzima, lakini nilipovuta kidogo zilikuja zenyewe, bila kuuma, kama nyuzi zisizofungwa mahali.

Sasa sikilizeni, maana hili mtalikuta. Mwenye magamba na kuwashwa, hasa mtoto, mara nyingi ana mapunye, na yanaambukiza. Tenga vichana, mpeleke akatibiwe. Aliyeishiwa nywele mbele, kwenye mstari wa paji, huyo umemkaza, au mwenzako amemkaza; mwache apumue. Lakini ukikuta mviringo laini usio na kitu, mambo ni mengine, na jina lake si kazi yako. Kazi yako ni kutopiga kelele. Usimwite jirani aje aone. Weka kiganja chako hapo, mgeuzie kiti ukutani, endelea na hadithi uliyokuwa ukisimulia. Watu wakiondoka, mwambie sikioni, kisha mpe kioo.

Ndivyo nilivyofanya. Riziki alijitazama, akacheka kidogo.

"Labda ni defriza."

"Sikukuwekea defriza hata siku moja."

"Basi ni mawazo ya mitihani. Zitarudi."

Hazikurudi. Alipokuja tena, miviringo ilikuwa imeungana, kama matone ya mvua yanapokutana kwenye kioo cha dirisha. Mara iliyofuata tulifumua mabutu, na mengine yalibaki mkononi mwangu mazima, na nywele zake ndani. Nilimwambia aende hospitali. Akasema ataenda. Kisha akapotea, msimu mzima wa mvua.

Aliporudi ilikuwa asubuhi, baraza tupu, ukungu bado umelala juu ya ziwa na mitumbwi ikielea ndani yake bila chini wala juu. Alikuwa amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi. Akaketi kwenye kigoda chake kama zamani, mgongo kwangu, na kukifungua. Hapakuwa na unywele mmoja. Kichwa kilikuwa kimepauka kuliko uso, safi, na niliona kwa mara ya kwanza umbo lake: kirefu kidogo nyuma, kizuri, kama jiwe ambalo ziwa limelilamba kwa muda mrefu. Upande mmoja kilikuwa na malengelenge.

"Nioshee tu," alisema.

Nikapasha maji. Nilimwosha bila sabuni kali, kwa kiganja, na mikono yangu ilikuwa haijui la kufanya, inatafuta mahali pa kugawanya. Alikaa muda mrefu bila kulegea. Kisha shingo ikaachia, na kichwa kikaja mapajani mwangu, na uzito wake ulikuwa uleule. Hilo ndilo lililoniliza, lakini kimya, asione.

Hapo ndipo aliponieleza alikopita. Muuza dawa wa sokoni alimpa pomadi ya mapunye bila kumwambia afungue kitambaa. Mwanamke mmoja alimuuzia mafuta ya chupa yanayonuka kama taa. Katika chumba cha maombi alifunga kula hadi akaanguka. Mzee mmoja alimpaka mizizi iliyosagwa, na hayo malengelenge yalikuwa kazi yake.

"Na hospitali?"

"Hospitali ni ya homa na ya kuzaa, Mama Sifa. Nani anaenda kupanga mustari sababu ya nywele?"

Kisha akanieleza ya shangazi.

Wazee wetu hawaachi nywele zilizoanguka zitupwe ovyo. Ndege atajengea kiota, wanasema, na kichwa kitauma. Wengi wenu mmewaona wateja wanaoomba nywele zao zilizodondoka wakazichome wenyewe. Wapeni, msiwacheke. Shangazi Kaponda alikuwa wa wazee hao. Tangu Riziki akiwa mtoto, kila akimchana, aliokota kilichoanguka, akakifunga kwenye kitambaa, na akipata nafasi anakifukia. Zilipoanza kuanguka nyingi, aliokota nyingi: kwenye mto wa kulalia, kitandani, kwenye ufagio. Hakusema lolote, akiogopa kumtisha mtoto wake. Kitambaa kikawa furushi.

Aliyeliona furushi ni Mama Berta, dada yake Ngoy, aliyekuja kusaidia kazi za nyumba. Akalifungua mbele ya kaka yake.

"Angalia," akamwambia. "Muke wako hana nywele. Mama muzee iko nazo. Munatafuta ugonjwa gani tena?"

Ngoy si mtu mbaya. Lakini hofu ikiingia katika nyumba, inakaa kwenye kiti cha baba. Majirani walishaanza kuita watoto wao ndani Shangazi akipita. Jioni ile akamwambia Shangazi, kwa heshima, macho chini, kwamba baridi ya Kirungu ingefaa zaidi kwa umri wake. Mama mzee alielewa. Hakujitetea. Asubuhi alichukua mfuko wake na mkeka akashuka bandarini.

"Nawe ulisema nini?" nilimwuliza Riziki.

Alikuwa amefumba macho. "Nilisimama kwenye mulango. Akaniangalia. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilifikiria, labda."

"Labda nini, mwanangu?"

"Labda njo yeye."

Nilimfunga kitambaa, nikafunga na baraza. Siku ile sikusuka mtu.

Hospitali tulienda wote wawili. Nilimshika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa, na kwenye benchi alijifanya ni mimi mgonjwa, nami nikakohoa kidogo kumsaidia. Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, hajazoea bado kukemea watu. Alifunga mlango kabla ya kumwambia Riziki afungue kichwa. Alitazama ngozi kwa taa, akatazama nyusi, kisha akaomba vidole na kukuta jambo tusilolitarajia: kwenye kucha kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama vimetobolewa kwa ncha ya sindano. Alipima damu. Aliuliza kama kuna watu wa ukoo wenye ugonjwa wa tezi ya shingo, wa sukari, au wenye madoa meupe mwilini.

Mwisho akaketi, akasema maneno ambayo sijamsikia daktari mwingine akiyasema kwa urahisi hivyo.

"Mama, nafikiri najua jina lake. Lakini kichwa kizima namna hii sijawahi kutibu, na hapa hatuna daktari wa ngozi. Sitaki kukupa dawa ili tu uondoke na kitu mkononi. Unaniruhusu nipige picha, nimtumie mwalimu wangu?"

Riziki alifikiri. "Uso usionekane."

"Hautaonekana."

Jibu lilikuja kwenye simu ya yule binti baada ya siku chache. Kulikuwa na daktari wa ngozi anayezunguka pwani ya ziwa pamoja na wale wanaotibu ukoma, na kwa wakati ule alikuwa akielekea Moba. Riziki aliposikia neno ukoma alisimama.

"Sasa watasema niko na bukoma."

"Anatazama ngozi zote," daktari akamwambia. "Nenda. Akiondoka Moba, sijui atapita tena lini."

Jioni Riziki alimweleza mumewe. Nilidhani Ngoy atakataa. Akasema ataomba ruhusa kazini na kwenda naye. Riziki naye akasema haendi bila mimi, maana mtu mwingine asiguse kichwa chake nisipokuwepo. Nilijifanya nina safari yangu ya kununua maharage ya Marungu. Kwa kweli nilinunua, na yalikuwa mazuri.

Boti iliondoka asubuhi. Mkienda Moba kwa ziwa, kaeni upande wa nchi kavu. Milima inatembea polepole kando yenu, ya buluu, kisha ya kijani, kisha ya buluu tena, na baada ya muda hujui kama ni boti inayokwenda au ni milima. Maji yalikuwa laini siku ile. Injini iliimba wimbo wa neno moja. Watu walilala juu ya magunia, kuku wakalala katika vikapu, hata mtu wa usukani alionekana kuota macho yakiwa wazi. Upepo ulikuwa ukicheza na kitambaa cha Riziki, na nilimwona Ngoy, bila kusema, ameshika ncha yake kwa vidole viwili ili kisifunguke. Aliishika saa nyingi. Mkono ukichoka, anabadilisha mwingine.

Riziki alipolala begani kwake, Ngoy aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama Sifa, wewe umeona vichwa vingi. Njo muntu alifanya hii?"

"Mimi nasuka, Papa Ngoy. Muulize dokta."

"Na kama dokta hajue?"

Nilitazama milima.

Daktari tulimkuta kwenye baraza la hospitali ya misheni, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Mstari ulikuwa mrefu: wazee wenye vidole vilivyofupika, mama mwenye mtoto aliyejaa upele, kijana mwenye madoa. Nilimwona Riziki akiwatazama. Mwanzoni alijikunja pembeni. Kisha mama mwenye mtoto aliomba mtu wa kumshikia mfuko, na Riziki akaushika, na alipoitwa alikuwa bado anaongea naye habari za shule.

Dokta Amisi, ndivyo alivyoitwa, alimsogeza dirishani. Alitazama kwa kioo cha kukuza, kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma. Alitazama kucha. Aliuliza kila kitu kilichopakwa pale, na aliposikia mizizi alifumba macho kidogo. Kisha akawageukia wote wawili, mke na mume, akaeleza.

"Mwili una askari. Kazi yao ni kufukuza wageni wabaya, vijidudu na kadhalika. Wakati mwingine askari hao wanakosea. Wanamuona mwenye nyumba, wanasema huyu ni mgeni. Kwako wewe, mama, wameshambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi mtu. Hautakuua. Si defriza, si mitihani, si chakula."

"Zitarudi?" Riziki aliuliza.

"Zinaweza kurudi zenyewe, hata bila dawa. Zinaweza zisirudi. Zikishaanguka kichwa kizima, mara nyingi inakuwa vigumu, sitakuficha. Lakini mizizi haijafa. Imelala."

"Imelala," Riziki akarudia, kama mtu anayeonja kitu.

"Nitakupa dawa ya kupaka. Jaribu kwa miezi, yule daktari wa Kalemie akuangalie. Ikishindwa, tutaiacha. Kuna vidonge vipya katika miji mikubwa ya mbali. Vinataka vipimo vya damu mara kwa mara na mtu wa kukufuatilia. Mimi sina, na sitakuandikia kitu nisichoweza kukifuatilia. Kichwa ukikinge na jua. Na hao wa mizizi na mafuta, usirudi kwao."

Ngoy alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi, kofia mikononi.

"Dokta," akasema, "nani alifanya?"

"Hakuna."

"Muntu anaweza kubeba nywele ya mwingine, akaifunga kwenye kitambaa, na hii ikatokea?"

"Nywele iliyoanguka imeshaanguka, papa. Hata ukiitupa ziwani, hata ukiifunga. Ugonjwa ulitangulia. Nywele zikafuata."

"Kwa hiyo hakuna muntu."

"Hakuna muntu."

Ngoy aliangalia kofia yake. Nje mtu alikuwa akichota maji, ndoo ikigonga. Daktari hakumharakisha, ingawa mstari ulikuwa mrefu vile.

Tulipotoka, Ngoy hakuuliza boti inarudi lini. Aliuliza njia ya kupanda Kirungu.

Tulipanda asubuhi iliyofuata kwa miguu. Njia inajikunja kwenye kilima, na kila mkunjo ziwa linazidi kuwa chini na kuwa kubwa, hadi halifanani tena na maji, linafanana na mbingu iliyoanguka ikatulia. Hewa ikawa ya baridi. Watu waliotupita na vikapu vya maharage walitusalimu kwa sauti za polepole za Kitabwa, na Riziki aliwajibu, na lugha ya utotoni ilimbadilisha uso.

Shangazi Kaponda alikuwa nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake, anapepeta. Alituona, hakuacha kupepeta. Ngoy alisimama mbali, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima kama wanavyofanya kwao Waluba mbele ya mkubwa. Ungo uliendelea. Akapiga tena. Mwishowe ukasimama.

"Shangazi," akasema, "nilikufukuza juu ya kosa ambalo halina mwenyewe. Dokta amenieleza. Na hata kama hangenieleza, ulilea muke wangu, ukalea watoto wangu. Ilikuwa lazima nijue. Nimekuja kuomba."

Mama mzee aliweka ungo chini. Alimtazama Riziki.

"Wewe. Fungua."

Riziki alifungua kitambaa. Shangazi alimwita karibu, akamkalisha chini mbele yake, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa kile kitupu. Alikipapasa kote, polepole, akitafuta kitu kwa vidole.

"Ulizaliwa hivi hivi," alisema. "Mama yako alilia, akasema mutoto hana nywele. Nikamwambia, ana masikio, ana mudomo, unalilia nini?"

Riziki aliinamisha uso kwenye magoti yake.

"Mudomo ulikuwa nao," Shangazi akaendelea, sauti ileile. "Pale mulangoni. Ulikuwa nao."

"Ndiyo, Shangazi."

"Neno moja tu lingenitosha."

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Aliendelea kupapasa. Mimi na Ngoy tuliondoka tukaenda kutazama maharage ya jirani, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa akiyaona.

Tulilala kule, tukapewa bukari, ndio ugali wetu, na majani ya maharage, na asubuhi Ngoy akauliza kama abebe mkeka wa Shangazi. Shangazi akamwambia hapana. Amepanda shamba, atavuna kwanza. Akishavuna ataona kama moyo unataka kushuka. Nyumba inayokuita si lazima uikimbilie. Ngoy akakubali. Aliporudi Kalemie aliwaita dada yake na majirani wa pande zote mbili za nyumba, akasimama mbele yao na kueleza aliyoyasikia Moba, neno kwa neno, pamoja na lile lake mwenyewe, kwamba alimfukuza mama bila kosa. Mama Berta hakuomba radhi. Watu wengine hawakupewa kiungo hicho. Lakini tangu siku ile alinyamaza, na kwake yeye hilo ni jambo kubwa.

Dawa Riziki aliipaka kama alivyoambiwa, na yule daktari binti alimwangalia kila mwezi. Kuna wakati kisogoni palitoka manyoya meupe, laini kama ya kifaranga. Tulifurahi kwa kunong'ona, tusiyashtue. Yakaanguka. Akaacha dawa, kwa makubaliano na daktari. Darasani alivaa kitambaa, na wanafunzi walipouliza aliwaeleza habari ya askari wanaokosea, wakaelewa upesi kuliko wazazi wao. Kwangu aliendelea kuja. Nilimwosha, nikampaka mafuta ya kawaida, akalala mapajani mwangu. Msidhani mtu asiye na nywele hana haja ya msusi.

Kisha, maharage yakiwa yameshaanza kufika sokoni kwa wingi, nahodha wa boti moja alileta ujumbe: Shangazi Kaponda atashuka na boti ya Jumamosi.

Tulikwenda bandarini sisi watatu, mimi, Riziki na Ngoy. Ilikuwa alasiri nyeupe, ya kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa umechanganyika na mwanga, na ziwa halikuwa na ukingo. Boti ilitoka humo kama inavyotoka ndoto, kwanza sauti, kisha kivuli, kisha vichwa vya watu. Gati lilijaa. Wanawake wa vitambaa vya kila rangi walisimama bega kwa bega, wachukuzi wakapenya katikati, kila mtu akipunga mkono. Nilimwona Shangazi kwenye ukingo wa boti, mkeka kwapani, anageuza uso huku na huku. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu wa uzee. Alikuwa akitutafuta asituone.

"Shangazi hatuoni," nikasema.

Riziki alipanda juu ya gunia la mtu, akainua mikono, akafungua kitambaa mbele ya gati zima la Kalemie. Watu walio karibu walinyamaza. Jua lilipiga pale juu, na kichwa kile kikang'aa peke yake katikati ya vitambaa vyote.

Kwenye boti, mama mzee aliacha kugeuza uso. Aliweka mkeka chini, akainua mkono.